Mvumo uliotoka sehemu nne: kisa cha kukarabati mashine ya santuri ya Goldring-Lenco GL75 mjini Moshi

Usuli

Mashine hii ilitengenezwa na Lenco huko Burgdorf, Uswisi, ikauzwa Uingereza kwa jina la Goldring-Lenco. Ilifikaje Moshi? Mwalimu mmoja wa kigeni alikuwa anafunga mizigo arudi kwao mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mkulima mmoja wa kahawa alikuwa ametoka kulipwa. Wakakubaliana bei. Mkulima huyo alishatangulia mbele ya haki. Mashine iko kwa mwanawe, mstaafu, ambaye hapa nitamwita Mzee. Mwanawe Mzee, anayepiga kinanda kwenye kwaya, nitamwita Kijana. Mimi niliitwa baadaye, mambo yakiwa yameshaharibika kidogo. Mtaa na kazi za wahusika nimeziondoa au kuzibadilisha.

Santuri zilizobaki ni nyingi, hasa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika: Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz, Western Jazz. Bendi zilikuwa za huku kwetu lakini santuri zilichapwa Nairobi, ndiyo maana mkusanyiko huo unakoma ghafla mwaka 1977, mpaka wa Kenya ulipofungwa. Ulipofunguliwa mwaka 1983 watu walishahamia kwenye kaseti. Chini kabisa ya sanduku zipo santuri chache nzito za mizunguko 78, nazo ndizo zilizofanya Mzee akatae kununua mashine mpya ya plastiki, maana nyingi za siku hizi zinaishia 45.

Mashine inavyofanya kazi

Msomaji asiyeijua aina hii anahitaji picha yake kichwani, la sivyo yanayofuata hayatamwingia.

Mashine nyingi za leo huzungusha sinia (lile duara zito linalobeba santuri) kwa mkanda wa mpira, au mota huwa imejengwa chini ya sinia lenyewe. Hii hutumia kigurudumu. Mota imelala, na mhimili wake ni mnene upande mmoja, unapungua taratibu kuelekea upande wa pili. Kigurudumu cha alumini chenye ukingo wa mpira kimesimama wima, kinaugusa mhimili huo na wakati huohuo kinagusa tumbo la sinia. Kisogeze kuelekea kwenye unene, kasi inapanda; kirudishe, inashuka. Kwa hiyo 16, 33, 45 na 78 ni vituo tu njiani, na katikati yake unaweza kusimama popote. Faida yake nyingine haisemwi sana: mashine haijali kama umeme ni wa hezi 50 au 60, wakati Garrard 301 na 401, ambazo nazo ni za kigurudumu, zinataka puli tofauti kwa kila umeme.

Sinia lina uzito wa karibu kilo nne, na likishashika kasi halibabaiki na sindano. Watu wanaozipenda mashine hizi wanapenda hilo hasa: besi inasimama, ngoma inapiga pale inapotakiwa kupiga. Ila hakuna mkanda laini wa kumeza mtetemo wa mota. Mota ikitetemeka, mtetemo unapita kwenye kigurudumu, sinia, santuri, sindano, hadi spika.

Na huko mbele kuna kinachoukuza. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na kurudishwa wakati wa kusikiliza, kwa kanuni ya RIAA (chama cha kampuni za kurekodi muziki za Marekani) iliyokubaliwa mwaka 1954. Mota ya namna hii huzunguka chini kidogo ya mara 1,500 kwa dakika, yaani mtetemo wa karibu hezi 25, na huko chini kanuni hiyo inakuza sauti karibu mara tisa ukilinganisha na sauti za katikati. Mtetemo usioushika kwa kidole unaweza kuuona kwa macho kwenye koni ya spika.

Yaliyotokea

Mzee alikuwa na malalamiko manne. Kulikuwa na mvumo mzito chini ya muziki. Kulikuwa na mdundo mdogo, du-du-du, unaojirudia hata penye ukimya. Jioni muziki ulipungua kasi na sauti ikawa nzito, akasema Mbaraka "anaimba kama ana mafua". Na mkono unaobeba sindano ulikuwa umelegea, sindano inaruka ovyo.

Fundi wa kwanza alikuwa hodari wa redio na televisheni. Aliujaza mhimili wa sinia grisi ya magari. Kwenye mkono alikuta vile vipande viwili vya mpira vyenye mfereji wa herufi V, ambavyo ncha kali za mkono hukalia, vimegeuka makombo; hilo ni gonjwa la GL75 karibu zote zilizofikisha umri huu. Akavikata vingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Chini, mota inaning'inia kwenye springi, na moja haikuwepo. Akafunga waya wa kufungia nondo mahali pake, akakaza kwa koleo. Mashine ikazunguka, akalipwa.

Mvumo ukazidi.

Hapo Kijana akaingia kazini. Alikuwa amesoma ushauri mwingi wa watu wa Ulaya na Marekani, na karibu wote walisema jambo moja: tupa kasha la kiwandani, tengeneza jingine zito. Akampelekea seremala vipimo, likachongwa kasha la mbao za mninga, nene, limepigwa msasa na vanishi hadi unajiona. Kwa macho halina mshindani mjini. Likawekwa juu ya kabati la sebuleni, pembeni ya sabufa, mashine ikatumbukizwa ndani. Mvumo haukupungua hata kidogo. Hatua iliyofuata kwenye mpango wake ilikuwa kununua mkono mpya wa Kijapani, na kwa ajili hiyo bati la juu lilitakiwa kukatwa kwa msumeno.

Mzee ndiye aliyesimamisha kazi. "Hapana, mwanangu. Hili bati la babu yako halikatwi mpaka mtu aniambie kelele inatoka wapi."

Kuitafuta kelele

Hatukufungua skrubu yoyote kwanza. Kila kelele kwenye mashine ya santuri ina tabia yake, na unaweza kuitambua ukiwa umekaa kwenye kiti.

Jaribio la kwanza: inua sindano, acha sauti juu, sikiliza. Kinachobaki ni cha umeme, kinachoondoka ni cha mtetemo. Palibaki mlio mwembamba wa hezi 50. Waya wa ethi wa mkono ulikuwa umekatika karibu na plagi za sauti. Dakika chache za kuuchomelea kwa risasi, mlio ukaisha. Hapo tukagundua pia kwamba mashine ilichomekwa moja kwa moja kwenye AUX ya sabufa. Katriji ya sumaku (kile kidude kinachoshika sindano na kugeuza mtetemo wake kuwa umeme) hutoa milivolti chache tu na haina marekebisho yale ya RIAA, kwa hiyo sauti ilikuwa nyembamba, na kuifidia walikuwa wamepandisha besi ya sabufa hadi mwisho. Kilichopandishwa zaidi kilikuwa uchafu.

Jaribio la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Santuri ikiwa inacheza, zima mashine kwa wenzo wake. Mota inakata, kigurudumu kinashuka na kuachana na sinia, lakini sinia la kilo nne linaendelea kuzunguka lenyewe kwa muda, sindano ikiwa bado kwenye mfereji. Mvumo ukiendelea, mhimili wa sinia ndio mbovu. Ukikatika papo hapo, shida iko kwenye mota au kigurudumu. Kwa Mzee sehemu kubwa ya mvumo ilikatika papo hapo. Mdundo nao ukakatika.

Sehemu kubwa, si wote. Mabaki kidogo yalisikika sinia likiwa linaserereka bila mota. Nikayaandika kwenye karatasi, nikayaweka kando.

Mdundo ulihesabika: kwenye 33⅓ sinia humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8, na ndani ya muda huo mdundo ulisikika mara kadhaa. Kilichopinda kwenye santuri au sinia kingesikika mara moja kwa mzunguko. Tulitoa sinia, nikapitisha ukucha kwenye mpira wa kigurudumu, na ukucha ukazama kidogo mahali pamoja. Mzee akakumbuka: umeme ulikatika siku moja wakiwa wanasikiliza, kila mtu akaenda kulala, wenzo ukabaki umewashwa. Kisha mashine ikahamishiwa stoo ikiwa hivyohivyo. Miaka yote hiyo mpira ulikuwa umebanwa sehemu moja.

Kushuka kwa sauti jioni kulipimwa kwa mita na kinanda. Mchana tundu la ukutani lilitoa karibu volti 230. Saa mbili usiku, majirani wakiwa wanapika na kuchemsha maji, ilikuwa chini ya 200. Kijana alipiga noti zilezile kwenye kinanda chake, na santuri ilikuwa chini kwa karibu nusu ya hatua kati ya kibao cheupe na cheusi kinachokifuata. Hatua nzima ni asilimia 6 ya kasi, kwa hiyo tulikuwa tunapoteza takriban 3. Mota ya namna hii hulegea volti zikishuka, na hulegea zaidi inapokuwa na mzigo: grisi ya magari kwenye mhimili, bushi kavu ndani ya mota.

Maamuzi na sababu zake

*Kusafisha kabla ya kununua.* Mhimili na shimo lake vilioshwa kwa petroli nje ya nyumba, vikafutwa hadi kitambaa kikatoka cheupe, tukaweka mafuta mepesi ya mashine. Bushi za mota zililoweshwa mafuta hayohayo na kuachwa usiku kucha. Mafuta ya kunyunyizia kutu hayafai hapa: yanalainisha kwa wiki moja na kuacha bushi kavu kuliko mwanzo. Ukingo wa mpira na mhimili wa mota vilifutwa kwa spiriti ya duka la dawa, kwa sababu tone moja la mafuta hapo na kigurudumu kinateleza.

*Waya wa nondo kutolewa.* Huu ndio uliokuwa moyo wa mvumo. Springi zimewekwa ili mota iteteme peke yake bila kuligusa bati. Waya uliigandamiza kwenye bati, na bati likawa spika. Siku tulipoukata tuliiacha mota ining'inie na springi zilizobaki, imeegemea upande mmoja lakini huru. Tulisikia tofauti palepale, hata kabla ya kufunga chochote.

*Kigurudumu na springi kuagizwa.* Kijana alipendekeza kukifunga kigurudumu kwenye drili na kukipiga msasa hadi kibonde kiishe. Nilikataa. Mpira wenyewe ni mwembamba, na ukikosea kwa unywele kigurudumu kinakuwa na umbo la yai, ambalo halina dawa. Tulikiacha kizunguke kwanza mchana kutwa, kwani vibonde vidogo huweza kujirudi. Chetu kilipungua lakini hakikuisha. Kipya na springi vikaagizwa Ulaya, vikaja kwa posta. Kile cha zamani hakikutupwa.

*Vipande vya V kuchongwa hapahapa.* Vingeweza kuagizwa pia, lakini fundi wa kukereza vyuma mjini alikuwa na vipande vya nailoni ngumu, na tulikuwa na makombo ya asili ya kutosha kupata vipimo. Jozi ya kwanza ilikuwa juu mno na mkono ukainama upande. Ya pili ilikaa. Zile za tyubu zilikuwa laini, na mkono unaokalia kitu laini unayumba kila mfereji unapopinda.

*Mkono mpya kuahirishwa.* Bati likishakatwa halirudi.

*Katriji.* Tulichagua ya kawaida ya sumaku, yenye ncha ya duara, Audio-Technica VM95C, sindano ikikandamiza santuri kwa uzito wa gramu 2. Santuri za mwaka 1972 zilizochezwa kwenye sherehe za harusi hazihitaji sindano ya kifahari. Sindano nyembamba sana huchimba hadi chini na kusoma kila mkwaruzo. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba mwili wake unakubali kubadilishwa sindano tu, ikiwemo ile pana ya santuri za 78.

*Usalama.* Waya wa umeme ulikuwa wa nyuzi mbili tu. Tuliweka wa nyuzi tatu wenye ethi, tukabadilisha fyuzi ya plagi kutoka ampea 13 hadi 3, na kapasita ya kuzima cheche kwenye swichi, iliyokuwa imepasuka, ikawekwa mpya ya daraja la X2. Kazi hii haipigiwi picha, lakini ingekuwa kazi pekee tuliyomudu kulipia, ningefanya hii.

Matokeo

Baada ya kigurudumu na springi mpya, mdundo ulikwisha kabisa. Mvumo ulishuka sana. Priamplifaya ndogo (kikuza sauti cha awali) yenye marekebisho ya RIAA iliwekwa kati ya mashine na sabufa, besi ya sabufa ikarudishwa katikati, na Mzee akasikia filimbi na matari ambayo alisema aliyasahau.

Lakini ukipandisha sauti, mngurumo ulirudi. Nikaitoa karatasi yangu yenye yale mabaki. Tuliweka sindano kwenye santuri iliyosimama, mota imezimwa kabisa, tukapandisha sauti pole pole. Hakuna kitu kilichokuwa kinazunguka chumba kizima, na bado sabufa ikaanza kunguruma, ikajiongeza yenyewe mpaka glasi za kabatini zikalia. Sabufa ilikuwa inalitikisa kabati, kabati linaitikisa mashine, sindano inausoma mtikisiko na kuurudisha kwa sabufa. Kijana aliinyanyua sabufa, akaiweka sakafuni upande wa pili wa chumba. Mngurumo ukaisha.

"Kwa hiyo, Fundi," Mzee akaniuliza, "kasha la mninga lilikuwa la nini?"

Kasi ya jioni bado hushuka, ila kidogo, kwa kuwa mota sasa haina mzigo. Stabilaiza ya friji ilijaribiwa ikashindwa: ni ya rilei, na kila inaporuka ngazi unasikia tiki kwenye spika na sauti inapanda ghafla. Inverta ya jirani ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu umeme wake wa mawimbi ya ngazi uliifanya mota ilie. Inverta ya mawimbi kamili isingefanya hivyo. Suluhisho likawa kwenye mashine yenyewe: kabla ya kusikiliza usiku Mzee anaweka karatasi yenye mistari 180 juu ya sinia, anaiangalia chini ya taa ya tyubu ya zamani yenye choki, anasogeza wenzo wa kasi hadi mistari isimame. Mwanzoni alitumia taa ya LED na mistari haikuonekana kabisa, kwani LED nyingi hazipepesi pamoja na umeme. Asiye na taa ya tyubu ahesabu mizunguko: 100 kwa dakika tatu kamili ndiyo 33⅓.

Uchambuzi

Jibu la swali la Mzee lina pande mbili. Ushauri wa kasha zito si uongo. Umetoka kwa watu wanaoishi kwenye nyumba za sakafu ya mbao, ambako mtu akitembea sebuleni sindano inaruka, na kasha jepesi la kiwandani linaitikia kila hatua. Sebule ya Mzee ni sementi juu ya udongo wa Kilimanjaro. Unaweza kucheza rumba hapo na mashine isijue. Kasha lilitibu ugonjwa ambao nyumba haikuwa nao, na liligharimu zaidi ya kigurudumu, springi, nailoni na priamplifaya vikijumlishwa. Hata hivyo silidharau. Mninga hautaniani na kiangazi wala masika, haupindi ovyo, na mota ilipokuwa huru kasha lilishikilia kila kitu kikiwa bapa. Lingechongwa mwishoni, nisingekuwa na neno.

Fundi wa kwanza simlaumu kwa grisi wala tyubu; alitumia alichokuwa nacho. Ninachokiona kwenye kazi yake ni kipimo alichojiwekea: mashine izunguke. Kwa feni hicho kinatosha. Kwa kitu kinachosoma mtetemo mdogo kuliko vumbi, kuzunguka ni mwanzo tu, na waya uliokazwa vizuri kwa koleo ulikuwa madhara yaliyofanywa kwa ustadi.

Lililofanya kazi ni kukataa kuyaona malalamiko manne kama ubovu mmoja. Neno "mvumo" lilikuwa linafunika ethi iliyokatika, mota iliyofungwa, besi iliyopandishwa kupita kiasi na sabufa iliyowekwa vibaya. Kila kimoja kilikuwa na jaribio lake la bure, na majaribio hayo yangefanywa siku ya kwanza, seremala angesubiri.

Kuna jambo ambalo halikwenda vizuri hata upande wetu wa kazi: kusubiri posta. Mashine ilikaa wazi mezani, na vumbi la kiangazi likaingia kwenye shimo la mhimili lililokuwa limeshasafishwa, ikabidi lioshwe tena. Anayeagiza vipuri kutoka mbali afunike kila tundu kwa utepe wa karatasi wenye gundi kabla hajaenda kulala.

Suala la mkono bado ni mjadala nyumbani kwao. Kijana anataka ule wa Kijapani, na hoja yake ina uzito, kwani vipande vya nailoni vimeondoa ulegevu lakini nyaya za ndani ya mkono ni zilezile za zamani. Nimewapa njia ya tatu: kasha la mninga lina nafasi ya kutosha upande wa kulia kuongezewa kibao, mkono wa pili ukakaa hapo nje ya bati, ule wa zamani ukabaki mahali pake na kupewa sindano pana kwa ajili ya zile 78. Ncha yake ni pana karibu mara nne au tano ya hii ya sasa. Nyembamba ikiingia kwenye mfereji wa 78 inazama hadi chini na kukokota taka. Mzee ameafiki, kwa sharti kwamba msumeno hauingii sebuleni.